Moyo Usiofunguka

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Hapana, hapo nimekosea. Tisini na tano ndipo tulipomzika Kavata. Basi ilikuwa tisini na sita, na Kiilu, bwana yake, mchongaji, jirani yangu hapa Kalamba, alikuwa ameshazoea kupika ugali wa mtu mmoja.

Kavata alianguka akipepeta mbaazi. Hospitali walisema neno moja tu: moyo. Kiilu akarudi nyumbani na hilo neno, hakujua aliweke wapi.

Ndipo akaja Mwalimu Mumina, binti wa muuza mbuzi wa Mwingi. Alikuwa akifundisha biolojia kwenye chuo kikuu kimoja kule pwani.

"Mzee, tuna moyo mmoja wa plastiki na wanafunzi themanini, nao umevunjika. Nichongee moyo wa mtu, mkubwa kama kichwa, wale wa nyuma nao waone."

"Utanionyesha wa Kavata ulikwama wapi?"

"Nitakuonyesha, Mzee."

Kiilu akaenda buchari kununua moyo wa mbuzi wa kuangalizia.

"Mzee, nyama isiyo na mfupa, umepata bibi mwenye meno mabovu?" mwenye buchari akamtania.

"Si wa kula," Kiilu akasema, akaondoka.

Alichonga miezi miwili, gogo moja la mjakaranda, akaupaka nta ya nyuki mpaka ukang'aa. Nikamsindikiza pwani, maana miguu yangu haijui kukaa.

Maabara ilikuwa na meza ndefu zenye mifereji, stuli, darubini zilizofunikwa vitambaa, na vyura ndani ya chupa. Harufu ya dawa ilituuma macho. Mumina akaupokea moyo, akaupapasa, akaugeuzageuza.

"Ni mzuri sana, Mzee. Lakini haufunguki. Wanafunzi wanataka kuona vyumba vya ndani."

"Vyumba navijua, mbuzi nimechinja. Lakini kitu cha kufunguka ni vipande viwili, na vipande viwili ni kazi ya gundi. Kwetu wachongaji gundi ni ya mtu anayeficha ufa."

"Usipofunguka, hata mimi siwezi kukuonyesha kitu."

Kiilu akavuta stuli, akakaa. Halafu akaomba msumeno. Akaubana moyo kwa magoti, akaukata mwenyewe katikati. Siku mbili alichimba ndani kwa patasi, akifuata picha iliyobandikwa ukutani. Kwenye mazishi sikumwona akilia. Hapo vumbi la mti lilimganda kwenye mashavu yaliyolowa.

Vyumba vikatoka vinne, na milango yake. Kiilu akatia kidole ndani.

"Sasa nionyeshe, Mwalimu. Mlango gani ulimkatalia Kavata?"

Mumina akatazama moyo, akatazama picha. Wanafunzi wakaanza kuingia, wakivuta stuli, nasi tukawapisha.

Kiilu aliniuliza mimi swali hilo tukiwa njiani kurudi. Akamwuliza daktari wa mji wa Wote, akamwuliza pasta wetu baada ya ibada. Hata mwaka ule wa mwisho wake, nikimpelekea uji, alikuwa akinishika mkono:

"Wewe umetembea sana. Ni mlango gani?"