Nilimwita Fundi Rehema kwa Jina Lisilo Lake

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Shetani siku ile alikuwa na kazi zake nyingine.

Nilikuwa karani wa kadi kwenye zahanati moja hapa Kampala, miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya wagonjwa. Ukiitwa mara tatu hujaitika, kadi yako inakwenda chini ya fungu. Basi mimi na sauti yangu hii nikajiona waziri.

Serikali ikapiga marufuku magauni mafupi, askari wakawa wanakagua magoti ya wanawake barabarani. Gauni langu la kazini lilikuwa fupi. Aliyeniokoa ni Rehema, fundi cherehani wa mtaa wa Mengo. Alizaliwa akapewa jina la kiume, lakini tangu ukubwani aliishi akiwa mwanamke, na sisi wateja tulimwita dada. Akaniongezea kitambaa chini kwa kupiga bandi tu, sindano ya mkono, maana mji mzima ulitaka kurefushiwa. Akaniambia nirudi Ijumaa apitishe cherehani.

Kabla ya Ijumaa akaja zahanati, ana jipu la paja. Kadi yake ilikuwa ya utotoni, ina jina lile la kiume. Alikaa benchi la wanawake akinitazama, bambi, maskini wee, kama anayesema mwenzangu nisitiri. Kuandika kadi mpya ni dakika moja, na nilikuwa na kadi tupu droo nzima.

Nikaita jina la kwenye kadi, tena na "Bwana" mbele yake. Sitaliandika hapa, nimeshalisema vya kutosha.

Hakuitika. Mara ya pili nikaita kwa nguvu. Benchi la wanaume wakaanza kucheka, na kicheko kile, jamani, kilinipendeza! Mara ya tatu nikaliimba. Kadi ikaenda chini, akarudi nyumbani bila kumwona daktari.

Kesho yake akaja anachechemea, nikarudia yale yale. Siku ya tatu hakuja. Na siku zote hizo nimevaa gauni alilonirefushia yeye!

Ijumaa niliona haya kwenda kwake. Jumatatu napita Mengo, uzi ukakatika, kitambaa chote kikanivuka mbele ya askari wawili. Mmoja akauliza kama gauni langu limeona joto. Wakaniokotea gunia la mkaa nijifunge kiunoni, wakasema nishukuru. Nikashukuru.

Duka la karibu lilikuwa la nani? La Rehema. Nikamkuta ameunyoosha mguu juu ya kigoda, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Aliponiona na gunia, masizi mpaka magotini, alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akaniuliza:

"Jina langu nani?"

"Rehema," nikanong'ona.

"Kule zahanati hukunong'ona. Toka nje uniite mara tatu."

Nikatoka. Nimevaa gunia, wapita njia wamesimama, wauza ndizi wameacha ndizi zao. Nikamwita Dada Rehema mara tatu, na mara ya tatu jina likatoka na kilio. Ndani akaitika, "Abee," taratibu, kama mwanamke yeyote anayeitwa na jirani.

Alinishonea siku ile ile. Kesho yake nikamwandikia kadi mpya, nikamwita kwa jina lake, akaingia kwa daktari. Jipu likapasuliwa, lakini lilikuwa limekula ndani. Daktari akasema angetibiwa siku ya kwanza angetembea vizuri. Mpaka leo anachechemea, na cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja. Hajawahi kunilaumu tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Ninyi mnaoshika kadi za watu, mwulizeni mtu jina lake kabla hamjafungua mdomo. Msingoje mpaka mvae gunia. Mimi nililivua siku ile ile, lakini mguu wa Rehema sina pa kuupeleka ukashonwe.