Kibali cha Kukata Mjakaranda

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya vibali hapa Eldoret. Mbele yangu alisimama mama anayeuza sukuma wiki chini ya mjakaranda ulio karibu na soko. Nyuma yangu alikuwa mwenye duka la vitambaa, ambaye alitutangazia sote shida yake: mjakaranda huo unaficha bango lake, na amekuja kuomba ruhusa aukate.

Mama aligeuka, akamtazama kutoka viatu hadi kofia. Zamu yake ilipofika, alimwinamia karani, bwana mmoja mwenye beji ya chama kwenye koti.

"Nataka karatasi ya kukataza ule mti usikatwe. Mboga zangu zitanyauka na jua. Na mvua ikinyesha, ni huo tu unashikilia udongo, maji yasitubebe."

"Mama, fomu ya kukataza hatuna. Tuko na ya kukata peke yake."

Mama alimtupia jicho mwenye duka. "Na mti mmoja mnaweza kupatia watu wawili?"

"Hapana. Mti mmoja, kibali kimoja."

"Basi nipatie mimi hiyo ya kukata."

Karani alijaza fomu, akapiga muhuri mara mbili. Mama akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la leso.

Mwenye duka aliuliza kwa upole, "Sasa Mama, utaukata lini?"

"Nikipata shoka."

Kila asubuhi redio inatuhimiza tupande miti. Katika mji wetu, mti ulio salama kabisa ni ule uliopigiwa muhuri ukatwe.