Kumrudisha Aloisi kutoka Mjini

Nilishuka Moshi kumrudisha mdogo wangu Aloisi kwa sababu wanaume wa ukoo walishindwa. Aloisi ndiye kitindamimba wetu, mrithi wa kihamba cha baba, shamba letu la ukoo pale Uru, pamoja na migomba na kahawa yake. Alikwenda mjini kujifunza ushonaji, tukasikia ameoa huko, amesilimu, anaitwa Ali. Baba akamtuma baba mdogo. Akarudi ameshiba, hana jibu. Akamtuma mwingine, huyo akarudi na kofia mpya. Ndipo baba aliponiambia, "Nenda wewe, Anastazia. Mdomo wako umemshinda hata padri."

Alfajiri nilijitwika mkungu wa ndizi nikashika njia. Kila niliyepishana naye alinitakia heri ya kumpata Aloisi, ingawa sikuwa nimemwambia mtu. Uru haina siri, ina habari zinazochelewa tu.

Jua lilipopanda nikaingia mjini. Mimi nilijua dunia ina watu wa Uru, watu wa Machame ambao hata lugha yao hatuielewi vizuri, na Wazungu. Bombani nikamkuta Mpare akigombana na Mnyamwezi kwa Kiswahili, Msomali akiwaamua, na mama wa Kihindi akicheka mpaka ndoo yake ikafurika.

Nyumba aliyopanga Aloisi ilikuwa ya Bi Tatu, mama mnene wa Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Muuru."

"Hilo kabila au maradhi?" Akanitazama mkungu kichwani. "Ah, Mchagga! Si useme!"

Basi nikawa Mchagga, kapu moja na watu wa Machame, bila kuulizwa.

Aloisi alikuwa barazani kwenye cherehani. Nikaanza, "Baba anasema kihamba—" Kabla sijamaliza, mkewe Zuhura akanipakatisha mtoto mchanga wa kiume, ambaye wajumbe wetu wawili hawakumtaja hata kidogo. Mtoto akanikojolea.

"Dada, mimi sirudi," Aloisi akasema polepole. "Mwambie baba nampenda, lakini maisha yangu yako hapa."

Nilikuwa natafuta maneno makali ya kumjibu, mara akaingia karani wa boma na askari, wanahesabu watu wa mtaa kwa makabila.

"Huyu mtoto kabila gani?"

"Baba yake Mchagga," Zuhura akajibu. "Mimi Mnyamwezi, ila bibi yangu alikuwa Mmanyema."

"Andika mtu wa hapa hapa," akasema Bi Tatu.

"Hakuna kabila hilo. Nitamweka kwenye Wengineo."

Sijui nini kilinipanda. "Wengineo ni mama yako!" nikasema. "Huyu ni mjukuu wa baba yangu, mtu wa Uru, na ana kihamba chake kinamngoja!"

"Uru si kabila, mama."

"Basi andika Mchagga. Na uandike kwa herufi kubwa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilipogeuka, Aloisi anajifuta machozi kwa suruali ya mteja. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya: nilitumwa kumchukua mtu, nami nimegawa shamba.

Jioni nilifika nyumbani miguu inaniuma. Baba alikuwa mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Amebaki. Ana mke, na mtoto wa kiume."

"Mtoto wa kabila gani?"

"Hilo nimeshalijibu mbele ya serikali, baba. Sirudii."

Mama alivuta kisu akaanza kumenya ndizi za mtori, supu ya mzazi.

"Unampikia nani?" baba akamuuliza.

"Mkwe wangu amejifungua. Au hukusikia?"

Nilichojifunza Moshi ni hiki: mjini wanakuuliza kabila lako mlangoni, kisha wanakukaribisha ndani. Sisi huku juu tunauliza vilevile, ila mlango hatufungui.

Asubuhi nilimkuta baba zizini anamfunga kamba beberu wake mkubwa. Nikamwambia amchinje kwanza, nyama ni rahisi kubeba.

"Nakwenda naye akiwa hai," akasema bila kunitazama. "Ali atamchinja mwenyewe. Wale hawali alichochinja mtu kama mimi."