Mlango wa Fundi Saa

Ofisini walimwita Msugua Kuta, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kujaribu gemu kabla hazijauzwa: kumpitisha mchezaji wa kwenye skrini ubavuubavu kwenye kila ukingo, akipapasa kuta zisizoonekana zinazomzuia asitoke nje ya mji akadondokea utupu.

Gemu hii mpya ilikuwa na mtaa aliouchora mwenyewe, ule aliokulia na binamu yake Injinia, ambaye sasa ndiye mwenye ofisi. Msugua Kuta alitoa sharti moja tu: duka la marehemu baba yake, fundi saa, liingilike. Watu waone meza yake, vibano vyake, na picha yake ukutani iliyoandikwa "mwanzilishi".

"Dada, wasiwasi wa nini?" Injinia alimwambia. "Mimi nimfungie baba mkubwa mlango?"

Siku ya kuwaonyesha jamaa, mama yake alikaa mbele kabisa, amejitanda vizuri kama anayekwenda kuposewa mwana. Nyuma yake aliketi shemeji yake, baba yake Injinia, aliyefundishwa kushika bisibisi na marehemu kaka yake.

Msugua Kuta akamfikisha mchezaji dukani. Mlango wazi, taa inawaka. Mchezaji akakwama. Miguu yatembea, mwili hausogei.

"Mbona haingii?" mama akauliza. "Au anaona haya, hajapiga hodi?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Akasugua kushoto, akasugua kulia. Ukuta uliokosewa huacha upenyo, humtelezesha mtu pembeni. Huu ulikuwa umenyooka toka kizingiti hadi paa, hauna hata tundu la sindano. Umewekwa kwa makusudi.

Akamtazama Injinia. Injinia akatazama viatu vyake.

"Baba amesema duka lilikuwa lake," akanong'ona. "Ile picha ingemvunjia heshima. Tusizozane mbele za watu, dada. Tulinde jina la ukoo."

"Jina lipi? La huyu uliyemwacha nje?"

"Tuendelee jamani," baba mdogo akadakia kutoka nyuma. "Twendeni sokoni, kuna mengi ya kuona."

Mama bado alikuwa ameinama kuelekea skrini, akingoja kumwona mumewe.

"Kwani kumefungwa, mwanangu?"

Binti akaweka pedi ya kuchezea gemu mezani.

"Kumefungwa, mama. Muulize shemeji yako."

Mama akanyanyuka, akageuza kiti chake chote, akakaa tena.

"Haya, shemeji," akasema. "Nakusikiliza."