Tembo Aliyetafuta Viatu Sanya Juu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijavua sweta. Nilikuwa nimeingia chumba cha watoto cha maktaba ya mkoa, mjini Moshi, nikaona meza ndogo za duara, viti visivyofika magotini, rafu fupi ambazo hata mtoto wa chekechea anazifikia, na bila kujijua nikaanza kuimba. Si kwa sauti kubwa, jamani. Lakini mimi nimekulia Machame, nimepuliza tarumbeta kwenye bendi ya usharika wa kanisa letu tangu usichana wangu, mwanamke pekee kati ya wanaume waliovimba mashavu kama maandazi, na mapafu yangu hayajui kunong'ona. Mlango ukafunguliwa. Mkutubi wa Mkoa, bosi wa maktaba nzima, alikuwa amesimama pale, mzee mwembamba wa Kipare, miwani kwenye ncha ya pua.

"Dada, una shughuli gani hapa?"

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye Mkutubi Msaidizi mpya, upande wa watoto."

"Marahaba. Basi ujue kuwa humu ndani hata chafya inaombewa kibali."

Nilimwogopa sana siku hiyo. Baadaye nilimpenda kama baba, na utani wa Wachagga na Wapare ndio uliotufungulia njia. Aliniambia Mchagga akiona kitabu anauliza bei kwanza. Nami nikamwambia Mpare akimwazimisha msomaji kitabu anamfungulia kesi kabla tarehe ya kurudisha haijafika.

Nyinyi vijana mnabonyeza kompyuta na kitabu kimeonekana. Zamani kila kitabu kipya kilipita mikononi mwetu kama mtoto mchanga kliniki. Tulikigonga muhuri, kisha tukakiainisha, yaani kukipa namba kufuatana na habari zake ili kikae karibu na ndugu zake. Tukaandika kadi ya katalogi, tukabandika lebo mgongoni na karatasi ya tarehe ndani ya jalada la nyuma. Kila asubuhi tulisoma rafu. Usidhani ni kukaa kitako na kusoma. Ni kupita na kidole kitabu baada ya kitabu, ukitafuta kilichopotea njia. Kitabu kilichokaa pasipo pake hakina tofauti na kilichoibwa, alikuwa akisema Mkutubi wa Mkoa, na bado naamini hivyo.

Lakini raha yangu ilikuwa Jumamosi, saa ya hadithi. Nilimsumbua mzee mpaka akaniruhusu niimbe, mlango ukiwa umefungwa. Basi nilifanya fujo takatifu! Kila hadithi niliitungia kiitikio, na watoto wa mitaa ya Pasua na Mawenzi, wengine wameteremka kutoka mlimani na mama zao waliokuja kuuza ndizi, walipiga meza na kuitikia hadi rafu zikatetemeka. Nilikwenda nyumbani nikiwa sina sauti, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Binti yangu Aikande alikulia chini ya meza zile. Baba yake alikuwa kiongozi wa wageni mlimani, siku nyingi yuko juu kwenye baridi, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuja maktaba kunisubiri. Alipofika Darasa la Pili alikuwa akikaa na watoto wadogo, anafungua kitabu, anawasomea kuanzia jalada hadi jalada, anafunua ukurasa pale pale panapotakiwa. Nilijivuna, sitaficha. Niliwaambia majirani, niliwaambia kwaya, nilimwambia hata muuza maziwa.

Siku moja walikuja wageni kutoka makao makuu na makatoni ya vitabu vipya. Mkubwa wao, mama Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, aliuliza kama kuna mtoto anayeweza kuwasomea kimoja. Nikamsukuma Aikande mbele hata kabla mama yule hajamaliza kusema. Mkutubi wa Mkoa akaketi kando ya mtoto ili amshikie kitabu.

Kilikuwa kitabu cha tembo na mto. Nilikuwa nimekiandikia kadi asubuhi ile ile makatoni yalipofunguliwa, kwa hiyo nilijua maneno yake: tembo ana kiu, tembo anakwenda mtoni. Aikande akafungua, akatazama picha, akaanza kwa sauti tamu: "Hapo kale tembo alishuka kutoka mlimani, maana theluji ilimchoma nyayo. Akaenda soko la Sanya Juu kutafuta viatu. Mama wa mitumba akamwambia, meku, mzee wangu, viatu vyako ni vinne, hapa tunauza viwili viwili." Akaweka na kiitikio. Wageni wakaitikia. Mkurugenzi alicheka mpaka akatoa leso.

Mimi nilikuwa bado natabasamu, lakini nilikuwa nimeelewa. Mwanangu alikuwa hajui kusoma. Vitabu vile vingine vyote alikuwa amevikariri kutoka mdomoni mwangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, pamoja na mahali pa kufunua ukurasa. Ni nyimbo zangu zilizomficha.

Wageni walipoondoka, Mkutubi wa Mkoa aliniita ofisini.

"Bi Aikande," alisema. Ndivyo alivyozoea kuniita, kwa jina la mtoto. "Umeona?"

"Nimeona, mzee. Nimejua leo."

"Binti yako hasomi."

"Ndiyo, mzee." Nikaanza kulia, mtu mzima mimi.

Akaniacha nilie kidogo. Kisha akasema, "Hadithi yake ni nzuri kuliko ile iliyoandikwa. Umeiandika?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mkutubi wa namna gani, unaacha kitabu kinatoka mlangoni hivi hivi? Taipureta ile pale. Ukimaliza kazi za ofisi, itumie."

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa Aikande. Akashangaa, alidhani najua. Aliniambia bila kuzunguka kuwa mtoto asipoweza kusoma kufikia mwisho wa mwaka, atarudia darasa. Ilibaki miezi michache tu. Aikande mwenyewe alikuwa ameshaelewa kuwa nimegundua, na jioni ile alikataa kuingia chumba cha watoto. Alikaa nje kwenye ngazi, amekumbatia mkoba, na niliposogea akasema, "Mama, usiwaambie wale wadogo." Iliniuma kuliko maneno yote ya mwalimu.

Tukaanza. Baada ya saa za kazi yeye alisimulia, mimi nikagonga taipureta, mstari mmoja kila ukurasa, na picha akachora mwenyewe. Nyumbani nikatoa tarumbeta. Kila silabi niliipigia mlio: te, mlio mmoja, mbo, mlio wa pili. Yeye anaweka kidole kwenye silabi, mimi napuliza, halafu anatamka. Nikipuliza haraka, kidole kinakimbia. Nikinyamaza katikati ya neno, lazima alimalize peke yake. Siku ya pili jirani yetu alitokea kupitia migomba, kitenge amekifunga kiunoni na uso ameukunja, maana kwetu mlimani tarumbeta ikilia siku ya kazi watu wanajua kuna msiba.

"Poleni, mama Aikande. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetutoka, dada. Tunasoma silabi."

"Ruwa wangu, Mungu wangu. Na mimi nimeacha mtori jikoni."

Tulicheka wote, Aikande zaidi kuliko sisi. Nikajua hapo kwamba tutafika.

Ilichukua majuma mengi, na kulikuwa na jioni za kununa na za kutupa kalamu. Lakini alipousoma ukurasa wa viatu vinne, maneno yake mwenyewe, kwa kidole, bila mlio wowote, nilimbeba mtoto wa miaka minane mgongoni nikazunguka naye kihamba kizima, shamba letu lote la migomba, kama mwendawazimu. Jumatatu nilipeleka kitabu kile kwa Mkutubi wa Mkoa. Alikigonga muhuri, akakiainisha, akaandika kadi kwa mkono wake, penye jina la mwandishi akaandika la binti yangu, akabandika lebo, akakipeleka rafuni yeye mwenyewe. Watoto walikigombania hadi jalada likachoka.

Alifaulu, akavuka darasa. Ila siku niliyoamini kabisa ilikuja baadaye, jioni ya kawaida tu. Nilimwita aje ale, asiitike. Nikamkuta amelala kifudifudi na kitabu kinene ambacho sikuwahi kukisimulia Jumamosi hata moja. Nikainama nianze kumweleza yatakayompata yule msichana wa hadithi, kwa mazoea yangu. Akanifunika mdomo kwa kiganja. "Mama, usiniambie." Nikarudi jikoni nikala machalari peke yangu, chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula.

Baada ya hapo nilihamishwa mara kadhaa. Niliwahi kuwa msimamizi wa maktaba ndogo Sanya Juu, chini ya Afisa Elimu aliyependa rafu zing'ae lakini hakupenda zishikwe. Nilifundisha walimu wa shule za mlimani kupanga vitabu kwenye makabati yaliyokuwa yakifugiwa nyuki. Mkutubi wa Mkoa alistaafu, akarudi Upareni, na Ruwa alipomchukua nilikwenda kumpigia tarumbeta kaburini kwa sauti yote niliyonayo, bila kibali. Aikande ni daktari wa mifugo. Anasoma kila kitu, hata karatasi za dawa za ng'ombe, na ananikosoa.

Nimestaafu, lakini Jumamosi naenda Pasua kwa saa ya hadithi, kwenye chumba alichotuachia mjumbe wa mtaa. Majuzi alikuja mama mmoja kijana, muuza nyanya, na bintiye, amejaa fahari kama nilivyojaa mimi.

"Shikamoo bibi. Huyu Glory wangu ni noma. Anakusomea kitabu kizima."

"Marahaba, mama Glory. Hebu nimsikie."

Nikatoa kitabu kipya ambacho hakuna mtoto aliyekiona, cha mahindi na mvua. Glory akakifungua, akatazama picha, akavuta pumzi, akatusomea habari za mbuzi aliyepanda bodaboda kwenda Mawenzi kumwona shangazi yake hospitalini. Kufikia ukurasa wa tatu niliona uso wa mama yake unabadilika. Naufahamu uso ule.

"We Glory," akasema kwa ukali, "hayo yameandikwa wapi?"

Nikamshika mama yule mkono, moyo wangu unaruka kama wa msichana, nikampa kalamu na karatasi. "Hayajaandikwa popote, mwanangu. Andika wewe, upesi, kabla mbuzi hajashuka."