Karkade ya Mama Keji

Nilipokuwa mtoto kule mtaa wa Munuki, sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Uganda tuliijua nyumba ya mwenye sumu kabla ya kuijua nyumba ya mchungaji. Ilikuwa ya Mama Keji, mjane aliyeuza karkade baridi, kile kinywaji chekundu cha maua makavu, karibu na steji ya boda boda. Watu walisema anaficha sumu chini ya ukucha wa kidole gumba. Akikupa kikombe anachovya kidogo tu, kwisha. Hata mimi niliyasambaza hayo, Mungu anisamehe, tena kwa raha.

Siku moja tukicheza mpira, rafiki yetu Lado akaanguka, ameshika tumbo, anatapika. Sote tulijua kisa. Asubuhi tulikuwa tumeruka ua wa jirani tukaiba mapera mabichi, na Lado alikula kutushinda wote. Ila baadaye alikunywa pia karkade ya Mama Keji.

Wani, mkubwa wetu, akatuita pembeni. Alisema tukitaja mapera tutachapwa sote, lakini tukimtaja yule mama hakuna atakayetuuliza zaidi. Kila mmoja aseme alikiona kidole kikiingia kikombeni.

"Na wewe mwoga," akaniambia, "ukitusaliti, mpira utacheza na mbuzi."

Nilikubali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wani alipomtaja Mama Keji, mjomba wa Lado alifika mbio mezani kwake, watu nyuma yake. Meza ya Mama Keji ikapinduliwa, ikabaki chupa moja mkononi mwake. Aliambiwa ahame Munuki kabla jua halijazama. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, nawe ukiona ameonja, unakunywa. Basi mama yule akamimina kikombeni, akanywa kidogo mbele ya wote. Wakamcheka. Mwenye sumu, walisema, sumu yake haimdhuru.

Hapo nikaona hana njia. Wenzangu walikuwa wanasema mmoja baada ya mwingine, nimeona, nimeona, na zamu yangu ikaja. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma za Pasaka.

"Sikuona kitu," nikasema. "Tuliiba mapera. Nendeni mkaangalie matapishi ya Lado."

Wani akafoka kwamba mimi mwongo, na kama si mwongo, ninywe. Mama Keji akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu kunikataza. "Acha, mwanangu," alisema. "Watasema ni mimi tena."

Nikamnyang'anya kikombe. Nikanywa mpaka chini, Baba Yetu naikimbiza kichwani bila kufika mwisho.

Mjomba alienda akainamia matapishi, akachokora kwa kijiti. Kisha akarudi. Aliinua meza mwenyewe, akaifuta mavumbi kwa kanzu yake.

Jioni nilichapwa kwa ajili ya mapera, kwa haki kabisa. Wani na wenzake hawakunichezesha mpira kiangazi kizima, na nililia kwa hilo kuliko fimbo.

Kanisani nikisimulia, watu husema nilikuwa na imani kubwa. Hapana. Nilipokinywa kile kikombe niliamini bado kwamba ukucha wake una sumu, na usiku kucha nililala nimeshika tumbo nikingoja kufa. Kuhusu Mama Keji sikuwa na hakika ya lolote. Nilijua mapera tu, na Mungu hakunidai zaidi ya hayo niliyoyajua.