Nilimkana Mama Vero kwa Ajili ya Kifuta Jasho cha Tembo

Msinipe pole, maana mkosaji ni mimi. Nimekaa na jambo hili tangu msimu wa mahindi wa mwaka juzi, na hapa Nyantakara sina wa kumwambia. Wote wanalijua!

Shamba langu linapakana na la mama mmoja mjane, nimwite Mama Vero. Mpakani tulijenga dungu moja la kulindia. Leo analinda yeye, kesho mimi. Tembo wakitoka hifadhini, wa zamu anapiga debe, mwenzake anakuja mbio na tochi. Tulivuna hivyo miaka mingi.

Mwaka juzi walikuja wengi, debe halikusaidia. Hapakubaki hindi, si kwake si kwangu! Mwenyekiti wa kijiji akatuambia tujaze fomu, serikali inatoa kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori. Tukashangilia.

Siku ya kupima, bwana shamba akaomba namba za vitambulisho. Mama Vero hana. Ni wa wale waliovuka kutoka Burundi zamani, na makaratasi yake hayajawahi kukamilika.

"Usijali, mama," bwana shamba akasema. "Jirani akikushuhudia, nakuandika." Akanigeukia. "Mzee, unamfahamu huyu mama?"

Jamani! Kijiweni walikuwa wamenijaza maneno kwamba jina moja likiwa na walakini, wilayani wanarudisha orodha nzima. Nina watoto watano. Nikaogopa.

Nikasema, "Namwona tu hapa. Alikotoka sijui."

Sijui! Mtu aliyenibeba mgongoni siku tunavuka mto, kwa sababu mama yangu alikuwa mjamzito na miguu imemvimba! Mimi nina kitambulisho kwa vile marehemu baba alihangaikia makaratasi. Tofauti yetu ni hiyo tu.

Mama Vero alinitazama, akajifunga kanga yake upya, akaenda kukaa kwenye ngazi ya dungu.

Maneno yangu yakasambaa. Wiki haikuisha, watu wa uhamiaji wakaja kumhoji kuhusu uraia wake. Aliogopa kuendelea kukaa, akafunga godoro lake akaenda kwa mwanawe Nyakanazi.

Na hicho kifuta jasho? Orodha ilirudi! Eti mashamba yetu yako karibu mno na mpaka wa hifadhi, hayana sifa. Angeandikwa, asingeandikwa, ilikuwa bure.

Msimu uliofuata nililinda peke yangu. Siku ya nne usingizi ulinishinda, tembo wakamaliza kila kitu. Sasa shamba ni pori. Mke wangu ananiwekea chakula mezani na kwenda kula jikoni, nami simlaumu.

Mwezi uliopita nilishuka Nyakanazi, nikamkuta Mama Vero stendi anauza mihogo ya kuchemsha. Nilipiga magoti mbele ya abiria wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, huku akinifungia mihogo kwenye gazeti. "Unatoka wapi, baba?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyomuuliza mteja yeyote.

Wenzangu, mkiulizwa kama mnamfahamu jirani yenu, semeni ndiyo upesi, kabla hofu haijawashika. Orodha iacheni irudi. Mimi nilichukua mihogo yangu, nikapanda basi.